Kutoka chumba cha chini cha Hollywood hadi kilele cha chati: kisa cha bendi ya Go-Go's

Machi 1982 albamu ya Beauty and the Beat ilipanda hadi nafasi ya kwanza kwenye chati ya albamu ya Billboard nchini Marekani, ikakaa hapo wiki sita. Bendi ya wanawake pekee haikuwa imewahi kufika pale kwa nyimbo ilizotunga yenyewe na ala ilizopiga yenyewe. The Supremes walishaongoza chati hiyo tangu miaka ya 1960, lakini wao walikuwa waimbaji: waliotunga na waliopiga walikuwa watu wengine, karibu wote wanaume. Go-Go's walikuwa watano, na kila sauti kubwa iliyosikika kwenye sahani ile ilitoka mikononi au kooni mwao.

Miaka minne kabla ya hapo, baadhi yao walihitaji kuonyeshwa jinsi ya kuchomeka gitaa kwenye amplifaya.

Watu wengi wakisimulia habari hii huitaja bahati, au sura, au ujio wa televisheni ya muziki. Vyote vilichangia. Ukiifuatilia hatua kwa hatua, hata hivyo, unaona kwamba kila walipokwama walirekebisha kitu kimoja mahususi, na mashabiki waliwaona wakikirekebisha. Unaona pia kwamba kipo kitu kimoja ambacho hawakukirekebisha kwa wakati, na hicho ndicho kilichowavunja.

Kuanza kabla ya kujua

Wasomaji wengi wa Kiswahili walilijua neno panki kwa kinyozi kabla ya kulijua kwenye muziki. Kwa wanamuziki wa Los Angeles mwaka 1978 lilikuwa na maana ya kikazi: nyimbo fupi, kasi kubwa, gitaa lenye mkwaruzo, na ruhusa ya kupanda jukwaani hata kama hujui kupiga. Ruhusa hiyo ilikuwa na anwani. Ilikuwa klabu ya The Masque, chumba cha chini ya jengo la sinema Hollywood ambacho Brendan Mullen alikifungua mwaka 1977. Bendi zilifanyia mazoezi humo humo zilimotumbuiza.

Belinda Carlisle alikuwa mmoja wa watu wa pale. Alikuwa amechaguliwa kuwa mpiga dramu wa kwanza wa bendi ya panki ya The Germs, akaugua, hakupiga shoo hata moja. Mwaka 1978 yeye na Jane Wiedlin, pamoja na Margot Olavarria kwenye besi na Elissa Bello kwenye dramu, wakaunda bendi. Belinda akashika kipaza sauti, Jane akashika gitaa. Mwaka huo huo walipanda jukwaa la The Masque wakiwa na nyimbo chache tu, na wasikilizaji wakawapokea, kwa sababu karibu kila aliyekuwa mbele ya jukwaa alikuwa ama na bendi yake ama na mpango wa kuanzisha moja.

Hapa tunaona faida ya kwanza, ambayo bendi nyingi za wanawake za wakati huo hazikuipata. The Runaways, walioanza mwaka 1975 katika jiji hilo hilo, walikusanywa chini ya prodyuza mwanamume, Kim Fowley, na waliuzwa kama bidhaa yake. Go-Go's walikusanyana wenyewe. Meneja wao wa kwanza, Ginger Canzoneri, alikuwa mwanamke wa rika lao aliyejifunza umeneja huku akiufanya. Waliruhusiwa kuwa wabovu kwa muda mrefu kiasi cha kuwa wazuri, bila mtu kuwasimamia na saa mkononi.

Wawili waliobadilisha mlio

Charlotte Caffey aliingia kabla ya mwaka 1978 kwisha. Alikuwa amesomea piano ya kiklasiki chuoni, tena alikuwa mpiga besi wa bendi ya The Eyes. Walimtaka apige gitaa la solo. Hakuwa mpiga gitaa la solo, akakubali na kujifunza. Sikio lake la piano ndilo lililoleta viitikio vinavyokaa kichwani, vipande vya solo vinavyoimbika, na mlio wa gitaa wenye ladha ya bendi za ufukweni California za miaka ya 1960. Alitunga We Got the Beat kwa dakika chache, kisha akasita kuwaonyesha wenzake. Alihofia wangeuona ni wimbo wa pop. Waliukubali, na kwa maoni yetu siku hiyo ndipo Go-Go's walipoacha kuwa bendi ya The Masque tu.

Mwaka 1979 Gina Schock alichukua nafasi ya Elissa Bello. Alitoka Baltimore, na kati ya wote yeye ndiye aliyekuja na uzoefu wa kutosha wa ala yake. Alichodai kilikuwa rahisi kukitaja na kigumu kukifanya: mazoezi zaidi, ya mara kwa mara, si pale mtu anapojisikia. Bendi ya panki inaweza kuvumilia gitaa lililopotea kidogo, kwa kuwa mkwaruzo unaficha. Dramu ikiyumba hakuna kinachofichika. Nyimbo huharakishwa bila mtu kukusudia, mwimbaji anakosa pumzi, na kiitikio kinaanguka kabla ya kufika. Gina alipiga pigo lililonyooka, zito, lisilo na mapambo, na wenzake wanne wakapata sakafu ya kusimamia.

Uingereza, 1980

Madness, bendi ya Uingereza, walipokuja kupiga klabu ya Whisky a Go Go, Los Angeles, Go-Go's waliwafungulia shoo. Kutokana na ukaribu huo, mwaka 1980 waliitwa Uingereza kuwafungulia Madness na baadaye The Specials, bendi nyingine ya huko. Lebo, yaani kampuni ya kutoa sahani, haikuwepo ya kuwagharimia. Canzoneri aliuza na kuweka rehani mali zake ili wasafiri.

Ziara ilikuwa ngumu. Sehemu ya hadhira ya bendi hizo ilikuwa vijana walionyoa vipara, wengine wafuasi wa siasa za ubaguzi, na hawakuja kuwaona wasichana wa California. Waliwatemea mate na kuwarushia matusi na vitu. Go-Go's walimaliza seti, wakarudi usiku uliofuata. Bendi inayofungua shoo hupewa muda mfupi na haina nafasi ya kuzungumza kati ya nyimbo. Ukinyamaza sekunde kumi, hadhira isiyokutaka inaijaza nafasi hiyo. Ndiyo maana walirudi nyumbani wakiwa wanacheza wimbo juu ya wimbo bila pengo, kwa nguvu isiyopungua mwanzo hadi mwisho. Mazoezi ya mwaka mzima yasingewapa kitu hicho.

Walirudi na vitu viwili zaidi. Cha kwanza ni singo: lebo ya Stiff ilirekodi na kutoa toleo la kwanza la We Got the Beat, ambalo liliingia Marekani kama sahani ya kutoka nje na kuanza kupigwa kwenye klabu za dansi. Cha pili kilitoka kwa Terry Hall wa The Specials. Yeye na Jane walikuwa na mapenzi mafupi na magumu, na baadaye alimtumia kwa barua mashairi ambayo Jane aliyamalizia na kuyatia muziki. Ukawa Our Lips Are Sealed. Los Angeles ilishawishika kwamba bendi iliyotoka ziara ya Uingereza na kuwa na sahani ya Uingereza lazima ni bendi kubwa, na kumbi zikaanza kujaa.

Lebo kubwa bado zilikataa. Sababu ilikuwa ile ile kila mahali: hakuna bendi ya wanawake iliyowahi kuuza. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kukosewa, kwa kuwa anayeitumia anahakikisha mwenyewe kwamba jibu halibadiliki.

Siku chache za Kathy Valentine

Mwishoni mwa 1980 walikuwa na shoo kadhaa za Whisky mbele yao, na Margot Olavarria alikuwa mgonjwa. Alikuwa pia haridhiki na bendi kuelekea kwenye pop; moyo wake ulibaki kwenye panki ya mwanzo. Siku ya Krismasi, kwenye shoo ya bendi ya X, Charlotte alimwuliza Kathy Valentine kama angeweza kupiga besi. Kathy alikuwa mpiga gitaa kutoka Texas aliyewahi kuwa na bendi ya The Textones. Akasema anaweza, akajifungia na kaseti ya nyimbo zao, na siku chache baadaye akapanda jukwaani. Alibaki, Margot akatoka.

Mashabiki wa zamani wengine hawakuisamehe hatua hiyo, na hoja yao ina uzito: Margot alikuwa mwanzilishi. Kimuziki, ilikamilisha mashine. Mpiga gitaa akihamia besi huja na tabia ya kusukuma: anapiga kwa plektra (kibapa cha kukwaruzia nyuzi), anafuata gitaa la rithimu noti kwa noti, anaweka mlio wa juu wenye kung'ata. Ukiweka hilo juu ya dramu za Gina unapata chini iliyonyooka kabisa, na juu yake Charlotte na Jane wanaweza kugawana kazi: mmoja anapiga kamba zote kwa mfululizo, mwingine anachora kipande kidogo cha solo. Kathy alileta pia nyimbo. Kati ya watano, watatu sasa walikuwa watunzi wa kudumu. Neno hili litarudi.

Studio ilipowapunguzia kasi

Aprili 1981 walisaini na I.R.S., lebo ndogo ya Miles Copeland, aliyekuwa pia meneja wa bendi ya The Police. Walipelekwa New York kurekodi na Richard Gottehrer, aliyetayarisha albamu ya kwanza ya bendi ya Blondie na aliyejua vikundi vya kike vya miaka ya 1960 kwa sababu alishiriki kutunga nyimbo zao, akisaidiana na Rob Freeman.

Gottehrer aliwapunguzia kasi. Jukwaani, woga na hamasa humfanya kila mpigaji kukimbia, na wasikilizaji wanaoruka hawalalamiki. Kwenye spika ya gari au redio ya jikoni, kasi ile hula maneno: konsonanti zinagongana, mwimbaji hapati nafasi ya kuvuta pumzi kabla ya kiitikio, na sauti za kuitikia zinakuwa kelele. Ukishusha kasi kidogo, sauti ya Belinda yenye mtetemo inapata kulala juu ya noti, na vipande vya Charlotte vinasikika kama wimbo wa pili ndani ya wimbo.

Sikiliza kinachotokea katikati ya Our Lips Are Sealed. Ala zinapungua, sauti nyembamba ya Jane inachukua nafasi ya Belinda kwa mistari michache, kisha bendi nzima inarudi. Katika kasi ya klabu, mabadiliko yale yangepita bila kuonekana.

Wanabendi walipoisikia kazi iliyokamilika walivunjika moyo. Walidhani wamerekodi albamu ya panki, wakasikia albamu ya pop. Rafiki zao wa The Masque nao walisema wameuza imani. Tunaona kwamba Gottehrer alikuwa sahihi, kwa sababu ambayo ni rahisi kuipima: toa mng'aro wa studio, na kilichobaki ni pigo lile lile la Gina, nyimbo fupi zile zile, na vipande vya gitaa ambavyo msichana mwenye miezi sita ya mazoezi anaweza kuvipiga.

Gari la wazi, chemchemi na ziara ya The Police

Albamu ilitoka Julai 1981. Agosti mosi MTV, televisheni ya muziki, ilianza kurusha matangazo, ikiwa na saa 24 za kujaza na video chache mno za kuzijazia. Video ya Our Lips Are Sealed ilitengenezwa kwa takriban dola 6,000 zilizobaki kwenye bajeti ya video za The Police. Watano wanazunguka mjini kwenye gari la wazi la kukodi, kisha wanaingia kwenye chemchemi ya maji ya barabarani Beverly Hills. Hawakuona maana ya kazi hiyo, na kutoona maana kwao ndiko kunakovutia: hawaigizi, wanapitisha siku. Ile picha ya jalada la albamu, ambapo wamejifunga mataulo na kupaka krimu usoni, ilifanya kazi hiyo hiyo. Mataulo yalinunuliwa dukani na kurudishwa baada ya kupiga picha.

Kisha ikaja ziara ya kuwafungulia The Police katika viwanja vikubwa. Walikuwa wamekwisha jifunza Uingereza namna ya kumshika mtu asiyekuja kwa ajili yao. Tofauti ni kwamba sasa maelfu waliokuwa mbele yao walikuwa tayari kushikwa. Wakiwa bado kwenye ziara, albamu yao iliipita ya The Police kwenye chati, na Sting, mwimbaji wa The Police, akaingia chumba chao cha kubadilishia nguo na shampeni kuwapongeza. Our Lips Are Sealed ilifika nafasi ya 20. We Got the Beat, iliyorekodiwa upya, ilifika nafasi ya 2, nyuma ya wimbo wa Joan Jett, aliyekuwa zamani The Runaways. Kwamba nafasi ya kwanza na ya pili zilishikwa na wanawake waliolelewa na jukwaa moja la Los Angeles ni jambo ambalo historia za roki hulipita haraka mno.

Shabiki aliona nini

Hadhira ilibadilika. Mwaka 1979 mbele ya jukwaa walikuwa panki wa Hollywood. Mwaka 1982 walikuwa wasichana wa shule, wengi wamefunga vitambaa kichwani na kuvaa sketi za mitumba kama wao.

Waliwapenda kwanza kwa sababu walikuwa watano wanaotofautishika. Bendi nyingi hukupa mwimbaji na kivuli nyuma yake. Hapa shabiki angeweza kumchagua Gina aliyeshika vijiti, au Jane mdogo mwenye sauti kali, na kujiona yuko ndani ya kundi la marafiki. Pili, maneno ya nyimbo yalihusu mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kijana: mji mnaouona kuwa ni wenu, umbea mnaoupuuza, usiku wa kutoka. Hakuna wimbo unaomwomba mwanamume ruhusa. Tatu, na hili tunalipa uzito kuliko yote, muziki wao ulifundishika. Ukimwona mtu anapiga kitu unachoweza kukifikia baada ya muhula mmoja, unarudi nyumbani kuomba gitaa.

Vyombo vya habari vilichagua kuona kingine. Viliwaita vipusa wachangamfu. Jalada la Rolling Stone la Agosti 1982 liliwaonyesha wakiwa na nguo za ndani, chini ya kichwa cha habari chenye kejeli ya kingono ambacho hawakukichagua wao. Nyuma ya taswira hiyo kulikuwa na ulevi na kokeini, na Charlotte alikuwa akipambana na heroini. Taswira ya uchangamfu ilikuwa na gharama ya moja kwa moja: hakuna aliyekuwa anatarajia kwamba mmoja wao anahitaji kupumzishwa, kwa hiyo hakuna aliyepumzishwa.

Albamu ya pili, Vacation, ilitoka mwaka 1982 hiyo hiyo na kufika nafasi ya 8. Upungufu wake una sababu inayojulikana katika kazi hii. Nyimbo za albamu ya kwanza zilijaribiwa mbele ya watu kwa karibu miaka mitatu. Zile dhaifu zilishakufa jukwaani. Za pili zilikusanywa kwa miezi, kati ya ziara na ziara, na pengo likazibwa kwa wimbo wa kurudia wa watu wengine. Wimbo wenye jina la albamu, uliotoka kwenye akiba ya Kathy tangu enzi za The Textones, ndio unaosimama imara hadi leo. Ulishaiva.

Karatasi

Sasa turudi kwa watunzi watatu. Kila nakala ya albamu inapouzwa kuna njia mbili za fedha. Mrabaha wa wapigaji unagawanywa kwa bendi, lakini kwanza lebo inakata gharama za studio, video na malipo ya awali. Mrabaha wa watunzi haukatwi gharama hizo. Unaanza na nakala ya kwanza. Kiwango cha kisheria Marekani mwaka 1981 kilikuwa senti 4 kwa wimbo kwa nakala. Albamu ile iliuza zaidi ya nakala milioni 2. Kwa kiwango kamili, bila punguzo ambalo mikataba mingi huweka, wimbo mmoja huzaa dola 80,000, za mtunzi na mchapishaji wake, yaani kampuni inayosimamia haki za nyimbo zake. Ongeza redio: Marekani, kituo cha redio kikipiga wimbo kinamlipa mtunzi na mchapishaji tu. Aliyepiga dramu hapati kitu, hata wimbo ukipigwa mara elfu kwa siku.

Kwa hiyo Charlotte, Jane na kisha Kathy walikuwa wakipokea hundi za aina ambayo Gina na Belinda hawakuzipata kwa kiasi hicho, ilhali wote watano walilala kwenye basi moja. Mgawanyo huo ni halali. Tatizo ni kwamba haukujadiliwa wakati ambapo haukuwa na thamani. Bendi yenye singo moja ya Stiff ingeweza kukaa mezani saa moja na kuandika, kwa mfano, kwamba sehemu fulani ya fedha za utunzi inaingia kwenye mfuko wa wote kwa sababu pigo la dramu na mstari wa besi ni sehemu ya wimbo. Bendi yenye albamu ya namba moja haiwezi tena, kwa kuwa kila asilimia inayohamishwa inatoka mfukoni mwa rafiki anayeonekana.

Wakati wa Talk Show, albamu ya tatu ya mwaka 1984, iliyotayarishwa na Martin Rushent na kufika nafasi ya 18, ugomvi huo ulikuwa wazi. Canzoneri alishaondoka, na nafasi yake kushikwa na kampuni kubwa ya umeneja. Jane aliomba kuimba mwenyewe wimbo mmoja alioutunga, akakataliwa. Mwaka huo huo Gina alifanyiwa upasuaji wa moyo kwa kasoro ya kuzaliwa. Jane alitoka kabla ya mwaka kwisha. Paula Jean Brown akaingia kwenye besi, Kathy akahamia gitaa, wakapiga tamasha la Rock in Rio Januari 1985. Mwezi Mei Belinda na Charlotte wakaivunja bendi.

Walirudiana mara kadhaa tangu mwaka 1990, wakatoa albamu moja zaidi mwaka 2001, wakafikishana mahakamani kwa sababu ya mrabaha, wakamtoa Kathy mwaka 2013 na kumrudisha mwaka 2018. Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa wanamuziki wa roki, iliwapokea Oktoba 2021, Cleveland, miaka 15 baada ya kustahiki. Usiku huo watano wote walikuwa jukwaani. Walipiga Vacation, Our Lips Are Sealed na We Got the Beat, ule ambao Charlotte aliogopa kuuonyesha. Unaanza kwa dramu za Gina peke yake, na wengine wanamsubiri.